Maadui wa Jumamosi

Tulimzika baba mkwe wangu mwezi uliopita, kule Kisii, upande wa kulia wa nyumba yake, na mchungaji alipomaliza walimpa kipaza sauti ndugu yake mdogo. Mzee huyo hana meno mengi tena lakini maneno anayo. Alisema marehemu alikuwa mtu mzuri, ila mkaidi. "Kuna mwaka alitukimbia," alisema. "Tulimtuma huko Kericho kwa kijana wake, kazi ya siku mbili, akakaa mwaka. Tukituma mtu amwite, anasema ati mchezo wa televisheni haujaisha. Mchezo! Mtu mzima na mvi!" Watu walicheka, hata waliokuwa wakilia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa chini ya turubai na wake wengine wa boma, nikaangalia mikono yangu. Hiyo kazi ya siku mbili ilikuwa mimi.

Nimerudi nyumbani kwetu karibu na Kapkatet na tangu siku hiyo nimechoka uchovu usioisha kwa kulala. Nakama ng'ombe, napika, mume wangu anakula na kunyamaza, na mwaka ule unarudi wenyewe. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala tulioanaje. Inatosha kusema kwamba ndoa ilikuwa katika mwaka wa sita, tumbo langu halikuwa limebeba kitu, na kwa upande wa mume wangu, Ongeri, wazee walikuwa wamekaa wakakubaliana kwamba aletewe mke mwingine. Msichana walikuwa wamemwona. Kilichobaki ni baba yake kuja kumwambia, kwa sababu ng'ombe ni wa baba, na neno la kuwatoa zizini ni la baba.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi zilizojengwa safu moja, katika shamba kubwa la majani chai. Mimi nilichuma, Ongeri alikuwa kwenye kiwanda, upande wa kukausha, na alirudi akinuka chai hata kwenye nywele. Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko la nyuma. Kitanda, kabati, meza, viti vya mbao, na juu ya kabati televisheni ndogo isiyo na rangi, ambayo karani mmoja alituachia alipohamishwa. Ilitumia betri ya gari. Jumamosi jioni watoto wa laini walijaa sakafuni, na akina mama wawili watatu pamoja nao, kutazama mchezo wa watu waliokuwa wakiishi katika chombo kule juu angani, mbali na dunia, wakipigana na maadui wa kila aina. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu. Sisi tuliuita Watu wa Juu.

Baba mkwe alifika na mfuko mmoja na mwavuli. Tulimwita Tata, yaani baba, kama kwetu wanavyosema. Alifikia kwa rafiki yake wa zamani, mzee Onchari, aliyekuwa mlinzi wa kiwanda na hakuwa na mke hapo. Kwetu hangeweza kulala, wala kuingia hangeweza. Sisi Abagusii tuna heshima tunayoiita chinsoni, na moja ya sheria zake ni kwamba baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kule nyumbani si shida, kila mtu ana boma lake na uwanja wa kukalia. Kwenye laini, ambapo mlango wako unaangalia mlango wa jirani na mvua ya Kericho inanyesha kila alasiri kama imeajiriwa, ni shida. Mume wangu alimwekea kiti nje, chini ya ukingo wa mabati, karibu na dirisha. Hapo ndipo nilipompelekea ugali wa wimbi na mboga za chinsaga jioni ya kwanza. Alikula kidogo, akanawa, akashukuru akiangalia chini. Nami niliangalia chini. Nilijua amekuja kufanya nini, maana mke wa shemeji yangu alikuwa amenitumia maneno mapema, akiona ananisaidia.

Nilingoja aseme. Siku ya pili ikapita, na ya tatu. Halafu ikafika Jumamosi.

Tata alikuwa Msabato wa kweli. Mimi nilikuwa nimelelewa Mkatoliki na sikuwa nimebadilika, jambo lingine walilokuwa nalo juu yangu. Watu wa Juu ulianza kabla jua halijatua, na Sabato haiishi mpaka jua litue. Basi Tata alisikia muziki wa kuanza, akasikia watoto wakipiga kelele, akageuza kiti chake kikaangalia majani chai. Mgongo kwa dirisha. Mara kwa mara alitazama juu, na juu palikuwa na wingu tu, kama siku zote.

"Mama Chebet," aliita jirani yetu aliyekuwa akipita na maji, "hili jua lenu huwa linatua saa ngapi?"

"Mzee, hapa hatujui. Sisi tunaona giza tu."

"Sasa mtu wa Mungu afanye nini?"

"Aulize kuku. Kuku wakiingia, wewe pia ingia."

"Kuingia ndio siwezi," alisema Tata, na nilisikia kwamba anacheka.

Kuku wa Mama Chebet walipoingia, aligeuza kiti. Lakini televisheni ilikuwa upande wa dirisha, hakuona chochote ila nyuso za watoto. Hakulalamika. Alitazama nyuso za watoto mpaka mwisho. Jumamosi iliyofuata mume wangu, ambaye kwa kumtumikia baba yake hakuwa mvivu, alihamisha kabati likakaa ukuta wa pili, likaangalia dirisha, na kwa sababu hiyo kitanda kikaja chini ya dirisha. Baba mkwe hapaswi kuona kitanda cha mwanawe. Tulifunga kamba na kuning'iniza shuka kukifunika, chini kidogo ya dirisha, na mimi nikakaa kwenye stuli pembeni mwa shuka hiyo. Kwa hiyo mwaka mzima tulitazama hivyo: yeye nje ya ukuta, mimi ndani, ukuta wa mabati kati yetu, sote tukiangalia upande mmoja. Hatukuonana uso. Pengine ndiyo maana tuliweza kuongea.

Aliuliza yeye kwanza. "Mokamwana," aliniita, maana yake mke wa mwanangu, "huko mwanzo kulitokea nini?" Alikuwa amekosa mwanzo kwa sababu ya jua, na Kiingereza hakuwa nacho. Mimi nilikuwa na kile cha darasa la saba. Nikamweleza nilichoelewa, na nilichokosa kuelewa nikasema sikuelewa. Aliuliza tena. Hakuwahi kuuliza habari za stelingi, yule shujaa wa mchezo. "Huyo hafi," alisema, "nitamwangalia wa nini? Niambie adui."

Adui wa kwanza mwaka ule alikuwa jitu refu lenye koti jeusi, ambalo watoto walilipa jina Nyapara kwa sababu lilisimama mikono nyuma kama nyapara wetu wa chai. Nguvu zake zilikuwa nyingi. Alikuwa na meli, alikuwa na askari wasiohesabika, na alijua jina la kila mtu na la mama yake. Lakini kila alipomkamata stelingi alikaa chini akamweleza mpango wake wote, kituo kwa kituo, na alipokuwa akieleza yule alikata kamba.

"Huyu ni adui wa bure," alisema Tata kupitia dirishani. "Anatangaza. Mtu anayetangaza hawezi kukuumiza sana. Adui mwenyewe ni yule anakaa kimya."

Nilimpitishia kikombe chake cha chai dirishani. Yeye ndiye alikuwa amekaa kimya. Mwezi wa tatu ulikuwa unaisha, na alikuwa bado hajasema neno alilotumwa. Badala yake alikuwa ameomba kibarua cha kupogoa chai, akapewa panga na koti la mvua, akatoka asubuhi na vijana. Nilikuwa nikimwona kwa mbali kwenye mteremko, mzee mmoja kati ya vijana, na niliwaza, anangoja nini? Anangoja nikosee kitu, aseme, ona, hata ugali hajui.

Baadaye walikuja wale tuliowaita Sura. Nguvu yao ilikuwa kuvaa uso wa mtu unayempenda, wakaja mlangoni, ukawafungulia mwenyewe. Udhaifu wao ulikuwa mezani, maana walijua uso na sauti lakini hawakujua yule mtu alipenda kula nini. Mwanamke mmoja katika mchezo alimtambua mumewe wa uongo kwa sababu alimaliza chakula ambacho mume wa kweli alikuwa hakigusi. Laini nzima iliongea juu ya hao Sura wiki nzima. Mama Chebet alisema wake wa laini wataisha wote, kwa sababu hakuna mume asiyekula kila kitu. Tata alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha tena. Mvua ilikuwa ikimpiga miguuni. Nilimwambia Ongeri amwekee gunia magotini, akamwekea. Hilo tu ndilo tuliloweza.

Siku moja ya wiki, niliporudi mapema kutoka kwenye mizani ya kupimia majani kwa sababu ya mvua ya mawe, niliingilia jikoni nyuma na nikawasikia wakiongea nje, baba na mwana. Mabati hayafichi neno.

"Wamekutumia mtu tena?" aliuliza Ongeri.

"Wametuma."

"Wanasema nini?"

"Wanachosema kila siku. Wewe unasema nini?"

Nilishika kikapu kikiwa bado mgongoni. Nilitaka aseme kitu kimoja. Hata kikiwa kidogo.

"Mimi ni mtoto wako, Tata," alisema mwishowe. "Vile utasema."

"Nimekuuliza wewe."

"Na mimi nimesema, vile utasema."

"Hm," alisema Tata. "Leta chai."

Nimeishi na Ongeri miaka mingi tangu siku hiyo na ni mtu mwema. Hajanipiga, hajaniibia, amekuwa mgonjwa nikamuuguza, nikawa mgonjwa akaniuguza. Lakini maneno hayo mawili, vile utasema, niliyasikia kila nilipomwekea chakula kwa muda mrefu sana. Sasa ninapoandika hayaniumi tena. Yamechakaa, na mimi nimechakaa. Ninachokiona leo, ambacho siku ile sikukiona, ni kwamba mzee alikuwa ameuliza. Angetaka kunitoa, hakuwa na haja ya kuuliza.

Kuelekea mwisho wa mwaka alikuja adui mkubwa. Alikuwa mwanamke, mzee, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, anatawala meli kubwa kuliko zote, na watu wake walikuwa wakitua kwenye sayari za wengine na kuondoka na watoto. Hapakuwa na silaha iliyomtoboa. Watoto wa laini walimwogopa hata wakakaa kimya. Jumamosi moja walimwonyesha amesimama katika chumba kirefu chenye vitanda vidogo, safu kwa safu, vyote vitupu, akipitisha mkono juu ya kimoja baada ya kingine. Akasema maneno machache. Niliyaelewa yote. Yalikuwa Kiingereza rahisi sana.

"Mokamwana," alisema Tata. "Amesema nini?"

Kulikuwa na watoto, kulikuwa na Mama Chebet, na mvua ilikuwa imepungua kiasi cha kusikika. Ningeweza kusema sikuelewa. Mara nyingine nilikuwa nasema hivyo na ilikuwa kweli.

"Amesema kwao hakuzaliwi," nilijibu. "Amesema watu wake hawapati watoto. Ndiyo maana anachukua."

Mama Chebet aliangalia sakafu, maana laini nzima ilijua habari yangu. Nilisikia kiti cha Tata kikisogea kidogo kwenye kokoto. Nilifikiri, leo ndiyo leo.

"Na hapo awali," alisema polepole, "kabla ya kuanza kuchukua, alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hawakuonyesha, Tata."

"Wangeonyesha." Alikohoa. "Yule Nyapara, ukimuuliza kwa nini, hana jibu. Huyu ako na jibu. Adui akiwa na jibu ni vigumu kumpiga. Unaanza kumhurumia, na huku mtoto wa watu bado ameenda."

Sijui nilipata wapi mdomo. Mokamwana hamuulizi baba mkwe jambo kama lile, na mbele ya jirani. "Tata," nilisema, nikiangalia televisheni, "wewe ni adui wa namna gani? Kama umekuja kunitoa, sema. Nimechoka kungoja."

Mama Chebet alisimama, akawaambia watoto kuna viazi kwake, akawatoa wote na mchezo haujaisha. Mungu ambariki popote alipo. Tulibaki na ile televisheni ikiongea peke yake.

"Nilitumwa," Tata alisema nyuma ya ukuta. "Hiyo ni kweli, sitakudanganya. Na mimi sijui kubishana na ndugu zangu, tangu utoto. Wakisema twende, naenda." "Hawajamaliza hao watu wako?"

"Bado, Tata."

"Basi tutazame."

Hilo ndilo jibu nililopata, na halikunitosha. Nililala na njaa ya jibu lingine. Leo najua wazee walikuwa wakituma mtu baada ya mtu, na kila mmoja alirudi na neno lile lile, mchezo haujaisha. Nilidhani mzee ananing'iniza. Kumbe alikuwa akijificha, na sehemu pekee aliyoipata ya kujificha ilikuwa dirisha langu, kwenye mvua, na gunia magotini. Hakuwa shujaa. Alikuwa mtu mwoga aliyepata kisingizio akakishika kwa mikono miwili.

Jumamosi ya mwisho ilifika bila sisi kujua ni ya mwisho. Tulitegemea stelingi atapata silaha mpya. Hakupata. Yule mwanamke mzee aliketi kwenye kiti chake, meli ya akina stelingi mbele yake ikiwa haina nguvu tena, na amri ilikuwa imebaki neno moja. Watu wake wote walikuwa wakimwangalia. Alifumba macho, na alipofumbua akawaambia wageuze meli. Ndivyo tu. Watoto walinung'unika. Halafu yakaja maandishi, na sauti ya mtangazaji.

"Amesema nini huyo?" aliuliza Tata.

"Amesema imeisha."

"Ya leo."

"Yote, Tata. Wiki ijayo wanaleta mambo mengine, ya muziki."

"Pengine hukusikia vizuri. Kiingereza chako ni cha darasa la saba."

"Ni cha darasa la saba, lakini amesema imeisha."

"Hakuna kingine? Hata mwaka ujao?"

Niliona ajabu mtu mzima kuumia hivyo kwa ajili ya televisheni. Ningalijua, pengine ningalidanganya. Lakini sidhani, sikuwa na mazoea. "Imeisha, Tata," nilisema mara ya tatu.

Alikaa nje muda mrefu. Nilisikia akikunja gunia. "Haya," alisema. "Sasa itabidi niseme kwa mdomo wangu."

Aliondoka Jumatatu. Mimi nilielewa maneno hayo vile mwanamke katika hali yangu angeyaelewa. Niliosha nguo zangu, nikazikausha juu ya jiko kwa sababu ya mvua, nikazipanga kwenye mfuko, nikauweka nyuma ya mlango. Nilichuma chai nikiwa na mfuko nyuma ya mlango. Ongeri aliuona akauruka kila alipoingia, hakuuliza.

Aliyekuja hakuwa msichana. Alikuja mama mkwe wangu, adhuhuri, peke yake, na kichane cha ndizi kichwani. Yeye angeweza kuingia, akaingia, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, akapumua. Alikuwa amekonda. Mwaka mzima alikuwa amelima peke yake, amekama peke yake, na kujibu peke yake maswali ya shemeji zake.

"Mzee wangu amekosana na ndugu zake," aliniambia. "Walimkalisha chini akawaambia ng'ombe hawatoki. Wakauliza sababu, akasema hana sababu, hataki tu. Hawamsalimii. Na kifua kinamsumbua."

Nilimwekea chai. Hakuigusa, alikuwa akiangalia huku na huku, kabati, shuka, dirisha.

"Iko wapi hiyo kitu?" alisema. "Nionyeshe hao watu walioniwekea bwana wangu."

Nilimwambia adhuhuri hakuna kitu, wanafungua jioni. Akasema niwashe tu. Nikaunga nyaya kwenye betri. Ilitoa ile mvua yake ya kijivu na sauti ya kukaanga, na mama mkwe wangu aliegemea mbele, mikono magotini, akaitazama kwa makini kama mtu anayesoma.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mwaka mzima."

"Ndiyo."

Alitazama tena. "Na yule adui mkubwa ambaye mzee alikuwa akinieleza. Yule mwanamke. Walimshindaje?"

"Hawakumshinda, mama," nilisema. "Alichoka, akarudi kwao."

Mama mkwe alitikisa kichwa, akavua viatu vyake vyenye matope, akanyoosha miguu kwenye sakafu yangu. "Zima basi," alisema. "Betri itaisha. Na huo mfuko nyuma ya mlango utoe, nusura uniangushe."